Mwenye shibe anamjua sana mwenye njaa

Jumamosi iliyopita nimeshinda shilingi 25,000 na tangu siku hiyo roho yangu haijatulia. Sikuiba. Sikuficha karata kwenye mkono wa shati wala sikumchungulia mtu. Nilicheza kwa kanuni zote, nikashinda, nikapigiwa makofi, nikanunua soda kwa wote waliokuwepo. Halafu usiku, nikiwa kitandani, nikaanza kujiuliza: hivi nilimshinda Mudi au nilimwonea?

Ngoja nikueleze mambo yalivyokuwa, kisha nikupeleke Las Vegas, maana jibu la swali langu liko huko na lina historia ndefu.

Tulikuwa watu 8 sebuleni kwangu Sinza. Tunacheza poka, ile ya Texas: kila mtu anapewa karata 2 za siri, kisha zinafunuliwa karata 5 mezani ambazo ni za wote. Unatafuta mkono bora wa karata 5 kati ya hizo 7, na njiani mnawekeana madau. Uzuri wake (au ubaya wake) ni kwamba huhitaji kuwa na karata nzuri ili ushinde. Inatosha wenzako wote watupe zao. Ndiyo maana poka ni mchezo wa mikwara kuliko mchezo wa karata.

Kila mmoja alitoa 5,000 akapewa maharage 100. Chipu hatuna, kwa hiyo tunatumia maharage, na mama mwenye nyumba anadhani kila Jumamosi vijana wake wanakusanyika kuchambua mboga. Mfuko ulikuwa shilingi 40,000. Tulikubaliana mapema: wa kwanza anachukua 25,000, wa pili 15,000, wengine wote wanaondoka na stori.

Kufika saa tano usiku tulibaki watatu. Mimi nilikuwa na maharage 500. Mudi alikuwa na 200. Rafiki yetu tunayemwita Shangazi (umri wake ni miaka 26, usiniulize jina lilitoka wapi) alikuwa na 100. Watu watatu, zawadi mbili. Mmoja wetu angekaa saa nne nzima halafu aende nyumbani mikono mitupu.

Hapo ndipo nilipoanza kufanya nilichokisoma vitabuni. Kila karata zikigawiwa namwaga maharage yangu yote katikati ya meza, mara nyingine bila hata kuzitazama karata zangu. Mudi anatazama zake, anatazama rundo langu, anatazama maharage machache ya Shangazi, anashusha pumzi na kutupa. Tena. Na tena. Na kila anapotupa, yale madau ya lazima yaliyokwisha wekwa mezani yanakuja kwangu. Safari moja alinionyesha alichotupa: ree na mfalme. Karata ambazo watu wanaziombea dua! Meza nzima ikamcheka kwamba ni mwoga.

Mwisho wake Shangazi alifumba macho akanifuata na maharage yake yote, akashinda, akapanda. Mudi naye akawa amechunika hadi hana cha kumtishia hata mtoto, akatoka wa tatu. Sifuri. Wakati anavaa viatu mlangoni akaniambia, bila hasira kabisa: "Mwanangu, hukusoma karata zangu. Ulinisoma mfuko."

Baadaye nikaja kujua kwamba ile 5,000 aliyoleta ilikuwa nauli yake ya wiki.

Haya, sasa twende Las Vegas.

Mwaka 1970 Benny Binion, mwenye kasino ya Binion's Horseshoe, aliwaalika wacheza kamari wakubwa wa Marekani waje kucheza kwake. Mashindano hayo yakaitwa World Series of Poker. Mwaka ule wa kwanza hayakuwa mashindano kama tunavyoyajua leo. Walicheza michezo mbalimbali kisha wakapiga kura nani ni bora, na Johnny Moss akachaguliwa. Mwaka 1971 ndipo walipoanza utaratibu wa kila mtu kulipa kiingilio, kupewa chipu sawa, na kucheza hadi mmoja abaki na chipu zote. Moss akashinda tena. Kiingilio kilikuwa dola 5,000, na mwaka uliofuata kikapanda hadi dola 10,000. Hadi leo kiingilio cha shindano kuu ni kile kile, dola 10,000, ingawa dola ya leo si dola ya 1972.

Jambo la kuzingatia, msomaji wangu, ni kwamba kwa kanuni za miaka ile mshindi alichukua zote. Mwaka 1976 walicheza watu 22 na Doyle Brunson akaondoka na dola 220,000. Mwaka 1977 walicheza 34 na Brunson yule yule akaondoka na dola 340,000. Piga hesabu mwenyewe: 22 mara 10,000, na 34 mara 10,000. Wa pili alipata nini? Alipata nafasi ya kumpa mshindi mkono.

Unaweza kusema huo ni ukatili. Lakini tazama kilichokuwa kinatokea mezani. Kama wa pili na wa ishirini na mbili wanapata kitu kile kile, yaani hakuna, basi mtu hana sababu ya kujibana ili awazidi wenzake kwa muda kidogo. Kusogea kutoka nafasi ya 5 kwenda ya 4 hakukuongezei hata senti. Chipu yako ni chipu tu, na thamani yake ni sawa iwe kwenye rundo kubwa au kwenye rundo dogo. Mwenye chipu nyingi alikuwa na nafuu ya kawaida: anaweza kupigwa mara moja na asife. Lakini hakuwa na kitu cha ziada cha kuwatishia wenzake. Huwezi kumtisha mtu kwamba utamnyang'anya kitu ambacho bado hajakiona.

Mwaka 1978 kila kitu kikabadilika. Walicheza watu 42, mfuko ukawa dola 420,000, na kwa mara ya kwanza ukagawiwa kwa watu 5 wa mwisho. Bobby Baldwin alishinda na kupata nusu, dola 210,000, na nusu nyingine ikaenda kwa wanne waliomfuata. Ulikuwa uamuzi wa busara. Mashindano yanayolipa wengi yanavuta wengi, na anayetoka na chochote mfukoni ana sababu ya kurudi mwakani. Nani angepinga huruma kama hiyo?

Lakini angalia kilichozaliwa siku ile ile. Kama watano wanalipwa, basi kuna wa sita. Kwa mara ya kwanza katika mashindano yale kulikuwa na mstari: upande huu una pesa, upande ule huna, na kati yake kuna mtu mmoja tu. Wachezaji wa Marekani walikuja kukiita kipindi cha kabla ya mstari huo kiputo, kama kile cha sabuni ambacho watoto wanapuliza. Kinavimba, watu wanashikilia pumzi, kinapasuka, na yule aliyetoka wa mwisho kabla ya pesa anakuwa kichekesho cha siku. Mudi, kwa lugha hiyo, ndiye kiputo changu.

Na ndani ya kiputo ndipo mwenye rundo kubwa alipopata silaha mpya.

Miaka ya mwanzo silaha hii ilitumika kwa hisia tu, bila hesabu. Aliyeitumia kwa kutisha kuliko wote pengine alikuwa Stu Ungar, kijana mwembamba wa New York aliyeshinda shindano kuu mwaka 1980 na 1981. Ungar alikuwa haachi mtu apumue. Akishapata chipu za kutosha anaongeza dau mkono baada ya mkono mpaka wenzake wanachoka kujitetea.

Lakini kisa chake ninachokipenda kuliko vyote ni cha mwaka 1990, mwaka ambao hakushinda. Watu 194 walicheza. Siku ya tatu ilipofika, kiti cha Ungar kilikuwa kitupu. Alikutwa chumbani kwake hotelini amezimia kwa sababu ya dawa za kulevya. Kanuni zinasema mchezo haumngoji mtu. Kwa hiyo mgawaji akaendelea kumgawia karata ambazo hakuna wa kuzitazama, na zamu ya dau la lazima ilipofika akaendelea kulichukua kutoka kwenye rundo lake. Rundo likawa linapungua taratibu kama mshumaa. Pamoja na hayo, chipu zilikuwa nyingi kiasi kwamba kiti kitupu kiliwapita watu wazima, wenye akili zao, waliokuwa macho. Ungar alihesabiwa wa 9, na pesa akapata. Taji lilikwenda kwa Mansour Matloubi.

Fikiri kidogo hapo. Rundo lenyewe, bila mtu, lilitembea hadi nafasi ya 9. Tunapenda kusema mshindi ana moyo, ana ujasiri, ana kipaji. Na Ungar alikuwa na kipaji kweli: mwaka 1997 alirudi kati ya wachezaji 312 na kushinda taji la tatu na dola milioni 1. (Mwaka uliofuata, Novemba 1998, alikutwa amekufa katika chumba cha hoteli Las Vegas akiwa na miaka 45. Sikuandiki haya ili ukajifunze kamari, nadhani unaelewa.) Lakini kile kiti kitupu kinatuambia kwamba sehemu ya kile tunachokiita ujasiri ni uzito tu wa ulichokalia.

Wapo waliokwenda kinyume, sikatai. Mwaka 1982 Jack Straus alishinda kati ya watu 104 na kuchukua dola 520,000, na inasimuliwa hadi leo kwamba katika mashindano yale alifika mahali akabaki na chipu moja tu iliyokuwa imejificha mezani, akaanzia hapo. Kisa kile kimewapa moyo maelfu ya watu. Lakini uliza kwa nini kinasimuliwa. Kinasimuliwa kwa sababu ni nadra. Hakuna anayesimulia habari ya mtu mwenye chipu nyingi aliyezidi kupata nyingi, maana hiyo ndiyo kawaida.

Sasa hesabu. Usikimbie, ni ya maharage.

Mwaka 1973 mtaalamu wa takwimu, David Harville, aliandika kuhusu mbio za farasi. Alitaka kujua: kama unajua uwezekano wa kila farasi kushika nafasi ya kwanza, utakadiriaje nani atashika ya pili na ya tatu? Njia yake ni nyepesi. Mwondoe aliyeshinda, kisha waliobaki wagawane nafasi inayofuata kwa uwiano wa nguvu zao. Mwaka 1987 mwandishi wa vitabu vya kamari, Mason Malmuth, aliichukua hesabu ya namna hiyo akaileta kwenye poka. Badala ya farasi weka wachezaji, badala ya nguvu weka chipu, na utapata thamani ya kila rundo kwa pesa halisi.

Nimeifanya kwa meza yetu ya Sinza. Ukitazama harage kwa harage, yangu 500 kati ya 800 yangekuwa na thamani ya shilingi 25,000, ya Mudi 200 yangekuwa 10,000, na ya Shangazi 100 yangekuwa 5,000. Lakini mimi siwezi kupata zaidi ya 25,000 hata nikiyala yote, na bado naweza kushindwa. Kwa hesabu ya Harville rundo langu lilikuwa na thamani ya takriban 20,100 tu. La Mudi lilikuwa takriban 13,000. La Shangazi takriban 6,900. Umeona? Harage la maskini lina thamani kubwa kuliko harage la tajiri. Na ndiyo maana linauma zaidi likipotea.

Sasa mimi namwaga yote na Mudi anafikiria kunifuata (tuyaweke pembeni madau madogo yaliyoko mezani). Akishindwa, anapoteza 13,000 yote na kwenda nyumbani. Akishinda, anakuwa na maharage 400, na thamani yake inakuwa takriban 18,000. Kwa maneno mengine, anaweka rehani 13,000 ili aongeze 5,000! Kwa biashara hiyo anahitaji kushinda mara 72 kati ya 100 ndipo asipate hasara. Na mimi je? Nikishindwa bado nina maharage 300 na maisha yanaendelea. Mimi nahitaji kushinda mara 54 tu kati ya 100. Mkono ule ule, pesa zile zile, meza ile ile, lakini yeye anapimwa kwa mizani nyingine.

Na zile karata alizotupa? Ree na mfalme dhidi ya karata zozote mbili zilizookotwa bila kutazamwa hushinda takriban mara 65 kati ya 100. Hazifiki 72. Kwa hiyo hata kama Mudi angejua kwa hakika kwamba sikuzitazama karata zangu, bado alitakiwa atupe. Tulimcheka kwa uwoga kumbe alikuwa mtu pekee mezani aliyepiga hesabu sawasawa, na aliipiga kichwani, bila Harville.

Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Alifanya sahihi kila mara, na kwa kufanya sahihi akaliwa.

Vitabu havikuficha siri hii. Mwaka 2002 David Sklansky alieleza kwa kirefu kwa nini kwenye mashindano unahitaji karata nzuri zaidi kumfuata aliyekwisha ongeza dau kuliko kuongeza wewe wa kwanza. Kuanzia 2004 Dan Harrington, aliyekuwa ameshinda shindano kuu mwaka 1995, alitoa vitabu vyake kuhusu mashindano, na kizazi kizima kikavikariri. Nikikufupishia, mafundisho ya mwenye rundo karibu na mstari ni haya.

Mosi, shambulia walio katikati, usianze na maskini wa mwisho. Maskini wa mwisho hana cha kulinda. Atafumba macho akufuate, kama Shangazi alivyonifanya. Anayeogopa kuliko wote ni yule mwenye kiasi cha kutosha kumsubiri mwingine afe kwanza. Huyo ni Mudi.

Pili, muogope mwenye rundo mwenzako. Kwetu tunasema wapiganapo tembo nyasi huumia. Kwenye kiputo ni kinyume: tembo wakipigana nyasi hushangilia, maana mmoja akianguka wadogo wote wanapanda ngazi bila jasho. Kwa hiyo tembo wenye akili hupishana.

Tatu, mtu wa katikati akikurudishia kwa kuongeza dau juu ya dau lako, kimbia. Mtu aliyekuwa anatupa ree na mfalme hawezi kukurudishia kwa utani.

Nne, na hili ndilo chungu: usiwe na haraka ya kumaliza. Wakati mwingine inamlipa mwenye rundo kumwacha yule maskini wa mwisho aendelee kupumua, ili hofu ya wengine iendelee na yeye aendelee kuvuna. Yaani anamtunza mwenye njaa kwa sababu njaa yake inatisha wengine.

Tano, kiputo kikipasuka acha mara moja. Watu wakishaingia kwenye pesa, walio na chipu kidogo wanazimwaga zote bila hofu. Ule mkwara wako wa dakika 5 zilizopita sasa ni kelele tu.

Mbinu hizi zilipata uwanja mpana kuanzia mwaka 2003. Mwaka huo walicheza watu 839 na 63 wakalipwa. Bingwa alikuwa Chris Moneymaker (ndilo jina lake halisi), mhasibu kutoka Tennessee aliyepata nafasi kupitia shindano dogo la mchujo kwenye intaneti, kwa dola 86. Alichukua dola milioni 2.5, na kwa sababu televisheni ilikuwa na kamera za kuonyesha karata za siri, dunia iliona jinsi alivyompiga mkwara mkongwe Sam Farha bila kuwa na chochote mkononi. Kila mhasibu duniani akajiuliza, kwa nini si mimi? Mwaka 2004 wakaja watu 2,576, wakalipwa 225. Mwaka 2006 wakaja 8,773, wakalipwa 873, na Jamie Gold, aliyekuwa amekalia rundo kubwa kwa siku kadhaa, akafika meza ya mwisho na kuwaondoa kwa mkono wake 7 kati ya wapinzani 8. Zawadi yake ilikuwa dola milioni 12. Mwaka 2023 wamekuja 10,043, wakalipwa 1,507. Wa kwanza alipata dola milioni 12.1, na wa mwisho kulipwa alipata dola 15,000.

Sasa jiweke kwenye kiti cha mtu aliyeingia kwa dola 86 kama Moneymaker. Mstari uko watu 10 mbele. Ukivuka unapata maelfu ya dola. Pembeni yako amekaa tajiri ambaye kwake pesa hizo ni za chakula cha jioni na marafiki. Hesabu ya Harville inawapa ninyi wawili mizani sawa kama mna chipu sawa. Maisha hayawapi. Kwa hiyo mwenye rundo mwerevu hasomi chipu tu. Anatazama saa ya mkononi, viatu, mikono inavyotetemeka. Anasikiliza nani anasimulia kwamba mke wake hajui kama yuko hapa.

Mstari ukikaribia sana, waamuzi husimamisha meza zote zicheze mkono mmoja mmoja kwa pamoja. Kila meza ikimaliza inangoja nyingine. Utaratibu huu uliwekwa kwa sababu watu walikuwa wanajichelewesha makusudi, wanatafakari dakika 3 juu ya karata ambazo tayari wameamua kuzitupa, wakiomba Mungu mtu wa meza nyingine afe kwanza. Nimewatazama hao watu kwenye video nyingi na zamani nilikuwa nawacheka. Sasa siwacheki. Najua shilingi 5,000 inaweza kuwa nini.

Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Kwa heshima zote, wahenga hawakucheza poka. Mwenye shibe wa mezani anamjua sana mwenye njaa. Anaijua njaa yake ilianza lini, ni kali kiasi gani, na itamfanya atupe nini. Kumjua ndiyo kazi yake.

Na hiki ndicho nilichokipata huko Las Vegas: fimbo niliyomchapia Mudi ilitengenezwa na huruma. Waliotaka wengi wapate kidogo ndio waliochora mstari, na mstari ndio ulioleta hofu, na hofu ndiyo inayomlisha mwenye rundo. Sisemi walikosea. Mwaka 1977 watu 33 walirudi nyumbani bila kitu, hilo nalo si jambo la kusifia. Nasema tu kwamba kila ukichora mstari wa kuokoa watu, tazama nani anakuja kusimama karibu nao na anafanya nini.

Jumatatu nilimpigia Mudi nikataka kumrudishia 5,000 yake. Akacheka. "Kaka, nauli nilishakopa. Wewe njoo Jumamosi, ila safari hii nina pendekezo. Tucheze kama wazee wa zamani. Wa kwanza anachukua zote 40,000, hakuna wa pili."

Yaani alikuwa ameliona jambo lenyewe kabla sijamsimulia hata neno moja la historia. Bila nafasi ya pili hakuna mstari, bila mstari sina cha kumtishia, na ree na mfalme wake wanarudi kuwa ree na mfalme.

Na unajua nilimjibu nini? Nilimwambia haitakuwa vizuri, tuwafikirie na wengine, si haki watu 7 watoke mikono mitupu. Nilisema kwa sauti ya upole kabisa, na nilikuwa nimeshaanza kujisikia mtu mwema, mpaka nikagundua simu imekaa kimya upande wa pili na Mudi ananisikiliza tu.

Jumamosi tunacheza kwa utaratibu wake. Nitawaletea matokeo.